Ubavu Kwanza: Kuchagua Rimu na Matairi ya Gari la Kuanzia Otokrosi

Kijana wa Donholm akishapata Starlet au Vitz ya kuanzia otokrosi, pesa zake za kwanza huishia kwenye rimu. Anataka inchi 15, hata 16, na tairi lenye ubavu mfupi kiasi kwamba ukilitazama kutoka ng'ambo ya barabara huoni mpira, unaona chuma tu. Gari likiegeshwa kwenye maduka ya Greenspan, watu wanageuza shingo. Lakini gari hilo limenunuliwa likimbie kwenye vumbi, na huko mpangilio huo una kasoro kubwa. Cha kutangulia kununua ni ubavu wa tairi. Kisha utazame umri wa tairi lenyewe. Rimu ni ya tatu, nayo inahukumiwa kwa uimara wake na kwa jinsi inavyokaa kwenye habu, basi.

Mkanganyiko mwingi unatokana na video za ugenini. Marekani otokrosi huchezwa juu ya lami au saruji, kwenye uwanja mpana uliopangwa koni. Chama cha huko, SCCA, kimeweka hata kiwango cha chini cha uchakavu, alama 200 ubavuni mwa tairi, kwa madaraja ya magari ya barabarani, kwa kuwa huko mpira laini unaonata kwenye lami ndio unaoleta ushindi. Ushauri wao ni sahihi kwa uwanja wao. Huku kwetu Kenya, kwenye mashindano yanayosimamiwa na shirikisho la KMSF, otokrosi ni mbio za udongo: moramu, changarawe, mashimo yanayozidi kuchimbika kila gari linapopita, na vumbi la aliyetangulia. Tairi la lami lililofika hapo huteleza tu, na ubavu wake mfupi haumudu jiwe.

Anayeshuku hili na atazame Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, yakatoka kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia baada ya 2002, yakarejea 2021 Naivasha. Timu zinazoshindana pale zina uwezo wa kununua rimu yoyote iliyopo duniani. Magari hayohayo yakikimbia kwenye lami huvaa inchi 18, yakija kwenye changarawe hushuka hadi inchi 15 na kuvaa tairi la 205/65R15, lenye ubavu wa zaidi ya milimita 130. Wahandisi wao hawakufanya hivyo kubana matumizi. Ubavu mrefu ndio unaomeza jiwe kabla halijafika kwenye rimu, na ndio unaoruhusu meno kulala juu ya ardhi isiyo sawa badala ya kurukaruka.

Hesabu yake ni nyepesi, na kila anayenunua tairi angeifanya kabla ya kutoa pesa. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ubavu kama asilimia ya upana huo. Ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Chukua 175/70R13: asilimia 70 ya 175 ni milimita 122.5 za ubavu. Chukua 195/50R15: ni milimita 97.5. Sasa jumlisha na rimu, utakuta magurudumu yote mawili yana kimo kimoja, takriban milimita 575, na mshale wa mwendo hautaona tofauti. Kilichobadilika ni kwamba umeuza sentimita mbili na nusu za mpira ukanunua chuma. Sentimita hizo mbili na nusu ndizo zinazoamua kama ukigonga ukingo wa shimo utaendelea na mzunguko au utasimama kando kutafuta jeki.

Kwa hiyo mwanzilishi aliye na gari la Toyota la injini ndogo nampa inchi 13 ikiwa inapita juu ya kalipa ya breki, na inchi 14 ikiwa haipiti. Usikisie. Ivishe rimu tupu kwenye habu, uizungushe kwa mkono, usikilize kama inakwaruza. Kwenye inchi 14, 175/65 ni kipimo kizuri na kinapatikana kila mahali mjini, jambo ambalo lina uzito wake, maana matairi ya otokrosi huisha na utahitaji mengine yanayofanana nayo.

Hata hivyo ubavu mrefu haumaanishi ubavu mgumu kupita kiasi. Wapo wanaokwenda kwa wenye Probox na pick-up wakachukua matairi yenye herufi C mwishoni mwa kipimo, yaliyotengenezewa mizigo. Ubavu wake ni imara kweli. Lakini gari lisilofika tani moja halina uzito wa kulikunja tairi hilo, na tairi lisilokunjika linadunda juu ya moramu na kukunyima usukani kwenye kona. Njia bora zaidi ya kupata ubavu imara imeandikwa kwenye tairi lenyewe, kwa herufi ndogo ambazo wanunuzi wengi hawazisomi. Tafuta neno SIDEWALL, kisha usome namba iliyo mbele ya POLYESTER. Matairi mengi ya magari madogo yana safu 1 tu. Ukikuta 2, na tairi ni la gari la kawaida, umepata kitu cha kukitolea pesa hata kama jina la kiwanda hulijui.

Ama kuhusu tairi la mtumba, ambalo ndilo wengi wetu tutaanza nalo, hapo jicho linahitaji mafunzo. Muuzaji wa Kirinyaga Road au wa kando ya Outering atakuonyesha meno: "Boss, hii bado mpya, angalia mwenyewe." Meno ni kitu cha mwisho kutazamwa. Kwanza omba maji na kitambaa. Tairi la kuuzwa karibu kila mara limepakwa dawa nyeusi ya kung'arisha, na dawa hiyo hufunika nyufa. Lisugue ubavu mzima, pande zote mbili, likauke. Sasa likunje kwa magoti, ubavu ujitokeze nje, na utazame pale ubavu unapokutana na meno na pale unapokaribia mdomo unaokaa kwenye rimu. Nyufa nyembamba zilizotapakaa ni dalili ya mpira uliokauka. Uvimbe mdogo, hata wa ukubwa wa kunde, ni nyuzi zilizokatika ndani, na tairi hilo halina bei, hata likitolewa bure.

Kisha tafuta tarehe. Karibu na mdomo kuna tarakimu nne ndani ya kisanduku cha mviringo: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Mara nyingi zimeandikwa upande mmoja tu, na muuzaji mjuzi huligeuza tairi upande usio nazo, basi ligeuze. Tairi la miaka mitatu lililobakiza nusu ya meno linashinda la miaka tisa lenye meno kamili, na halishindi kwa kidogo. Mpira mzee hauwezi kujikunja kuzunguka kokoto, unapita juu yake. Uthibitishe kwa ukucha: ubonyeze kando ya jino. Mpira hai unapokea alama ya ukucha, kisha alama inapotea polepole. Mpira mfu haupokei chochote.

Baada ya hapo ndipo meno. Chini ya mifereji mikubwa kuna vimbe ndogo za mpira zilizopachikwa kila baada ya hatua fulani, zenye kimo cha milimita 1.6, kuonyesha tairi limefika mwisho. Zitafute. Usipoziona kabisa, au ukaona zimekatwa katikati, tairi hilo limechongwa upya kwa kisu cha moto, na kati ya sakafu ya mfereji na waya za chuma umebaki mpira usiozidi unene wa karatasi chache. Pitisha kidole ndani ya mfereji: wa kiwandani ni laini na pembe zake ni safi, wa kisu una mikwaruzo na unayumbayumba. Tazama na ndani ya tairi, ambako hakuna anayepaka dawa. Kiraka katikati ya meno kinavumilika. Kiraka ubavuni, au alama za mpira wa ndani uliokuwa ukivalishwa kwenye tairi lisilohitaji, vinakuambia kwamba tairi lilishashindwa kushika upepo.

Aina moja imewaponza wengi. Ni matairi ya theluji kutoka Japani yanayokuja na magari ya mtumba, yenye neno STUDLESS ubavuni na vichanjo vyembamba mamia kwenye kila safu ya meno. Yanaonekana makali, na mpira wake ni laini. Kwenye udongo wenye unyevu kidogo yanashika, sitakataa. Lakini moramu kavu ya Januari ina kingo za mawe, na vijino vile vilivyochanjwa vinang'olewa kimoja kimoja. Mimi nayaacha. Kwa udongo wetu napenda meno yenye vipande vikubwa na nafasi pana kati yake, yanayofika hadi begani mwa tairi, kwa sababu gari likiinama kwenye kona bega ndilo linalofanya kazi. Nafasi pana zina faida nyingine, ambayo wakazi wa Eastlands wanaifahamu bila kuelezwa: mvua ikinyesha, udongo mweusi hujaza mifereji myembamba, na ndani ya dakika chache tairi lote limekuwa donge laini. Nafasi pana hulitapika tope lile gurudumu likizunguka.

Kuhusu rimu sina mengi. Rimu ya chuma ndiyo rafiki wa mwanzilishi. Ikigonga jiwe inabonyea, na fundi wa jua kali anainyoosha kwa nyundo jioni hiyohiyo. Rimu ya aloi inapasuka, na ufa wake aghalabu huanzia upande wa ndani usioonekana. Ukichukua aloi, izungushe kwenye habu huku umeshika penseli karibu na ukingo, uone kama nafasi inapanuka na kusinyaa. Kisha igonge taratibu kwa spana: nzima inalia kwa sauti safi ndefu, yenye ufa inatoa sauti fupi iliyokauka. Kagua ndani kama kuna mstari wa kuchomelea uliopakwa rangi. Alama za JWL na VIA zilizosubiwa kwenye aloi za Kijapani ni dalili njema, ingawa viwanda vya kuiga navyo vinajua kuzisubu.

Kukaa kwa rimu ndiko kunakohitaji umakini zaidi. Starlet, Vitz na Corolla nyingi za zamani zina bolti 4 kwenye duara la milimita 100, na habu ya milimita 54.1. Rimu za Honda Fit zina bolti hizohizo, lakini tundu lake la kati ni milimita 56.1. Itaingia, na itaonekana imekaa, ila habu haiibebi. Bolti zitabeba kila kitu, na usukani utatetemeka. Pete ya kujaza nafasi hiyo ni kitu kidogo cha bei ndogo. Usiidharau.

Upepo upime nyumbani, kabla hujatoka Donholm, matairi yakiwa baridi. Ukishapita Jogoo Road na kupanda Ngong Road hadi uwanjani Jamhuri Park, yamekwisha kupata joto, na kila nyuzi 5 au 6 huongeza takriban psi 1. Anza na psi 30 kote. Wakongwe watakushauri ushushe zaidi ili tairi litambae, nao wana hoja, lakini wao wanajua kulipeleka gari kwenye kona bila kulitupa. Mwanzilishi anayeshusha hadi 20 hulitoa tairi mdomoni mwa rimu kwenye kona ya kwanza kali. Baada ya kila mbio tazama bega la tairi: viwanda vingi huchora pembetatu ndogo pale. Mikwaruzo ikivuka pembetatu kushuka ubavuni, ongeza psi 2. Isipoifikia kabisa, punguza 1.

Na nati. Toyota hutumia hesi ya milimita 12 kwa 1.5, Subaru na Nissan 12 kwa 1.25. Nati ya gari moja inaweza kuanza kuingia kwenye bolti ya jingine, na fundi mwenye haraka ataisukuma kwa nguvu hadi aiharibu hesi. Iingize kwa vidole angalau mizunguko mitano kabla hujagusa spana. Kiti chake nacho hutofautiana: rimu za chuma za Toyota hutaka nati ya koni, aloi nyingi za kiwandani za Toyota hutaka ile yenye mguu na washa bapa, za Honda hutaka ya mviringo. Ukivisha nati ya mviringo kwenye tundu la koni, itakazika vizuri uwanjani na kulegea ukiwa kwenye mwendo. Kaza kwa kuvuka, ya juu kisha ya chini iliyoikabili, gurudumu likiwa limegusa ardhi, hadi nyutoni-mita 103 kwa Toyota ndogo. Ukirudi kutoka mzunguko wa kwanza, zima injini, chukua spana, uanze upya na zote 16.