Leibniz alipokwama kwenye x⁴ + 1

Mwaka 1702, katika jarida la Acta Eruditorum, Gottfried Leibniz alidai kwamba integrali ya sehemu yenye asili x⁴ + a⁴ haipatikani kwa logi wala kwa pembe za duara. Mwasisi huyu wa kalkulasi alikosea, na kalkulasi haikuwa na hatia. Aljebra ndiyo iliyomwangusha.

Kanuni aliijua. Asili huvunjwa kuwa vigawo: cha digrii ya kwanza huzaa logi, cha digrii ya pili kisichovunjika huzaa logi, kinyume cha tanjenti, au vyote viwili.

Tuchukue a = 1. Leibniz alipata (x² + i)(x² − i), ambapo i ni kipeuo cha pili cha −1. Kuendelea kulidai kipeuo cha i yenyewe, na hapo akaona kwamba hata vigawo vinne vikizidishwa viwili viwili, namba halisi hazirudi. Kumbe kipeuo hicho ni (1 + i)/√2, namba changamano kama nyingine. Kila kigawo kina pacha wake, wanatofautiana kwa alama ya i tu. Wakizidishwa pacha kwa pacha, i inatoweka.

Nicolaus Bernoulli alionyesha mwaka 1719, miaka mitatu baada ya Leibniz kufariki, kwamba i haihitajiki kabisa. Ongeza 2x², kisha itoe:

x⁴ + 1 = (x² + 1)² − 2x² = (x² + √2x + 1)(x² − √2x + 1)

Sasa andika 1/(x⁴ + 1) kuwa jumla ya sehemu mbili zenye vigawo hivi kama asili, kisha tafuta viasi vyake. Ukiweka −x mahali pa x, x⁴ + 1 haibadiliki ila vigawo vinabadilishana nafasi. Kwa hiyo kiasi cha kwanza kikiwa Ax + B, cha pili ni −Ax + B. Herufi nne zimebaki mbili. Weka x = 0: 2B = 1. Linganisha vizigeu vya x²: A = B/√2. Basi B = 1/2, A = 1/(2√2).

Kamilisha mraba katika kila asili, jibu ni:

(1/(4√2)) ln[(x² + √2x + 1)/(x² − √2x + 1)] + (1/(2√2))[tan⁻¹(√2x + 1) + tan⁻¹(√2x − 1)] + C

Hakiki kwa kutafuta mnyambuliko penye x = 0. Logi inatoa nusu, tanjenti nusu, jumla 1, sawa na 1/(0⁴ + 1). Logi na pembe za duara, vile vile viwili alivyovikataa Leibniz, hapo vimegawana kazi sawasawa.