Dakika Tatu Bila Kugusa

Pindua ruta uisome karatasi iliyobandikwa chini. Karibu na nywila ya Wi-Fi pana maandishi madogo ambayo wengi hatuyaangalii: jina la modeli, kisha herufi v na tarakimu moja. Ruta mbili zenye sura moja na bei moja zinaweza kuwa na chipu tofauti kabisa ndani, na programu ya v2 ukiitia kwenye v3, huenda isiwake tena. Kazi hii huanza na macho. Mikono hufuata baadaye sana.

Mafundi simu huiita kuflashi: kuondoa programu aliyoiweka mtengenezaji na kutia nyingine. Kwenye ruta, hiyo nyingine mara nyingi ni OpenWrt, na asili yake ni kisanduku cha buluu na nyeusi, Linksys WRT54G, kilichoingia sokoni Marekani mwishoni mwa 2002. Mwaka uliofuata wadadisi waligundua kwamba ndani yake mna Linux, ambayo leseni yake inamtaka anayeisambaza atoe na msimbo wake. Kampuni ikautoa. Mwaka 2004 OpenWrt ikazaliwa kutokana na msimbo huo. Nakipenda kisa hiki kwa kuwa hakuna aliyeiba kitu. Sharti lilikuwa limeandikwa. Alihitajika wa kulisoma.

Ruta yangu niliiflashi jioni moja, na mwanangu pembeni. Tulipakua faili, tukahakiki alama yake ya SHA-256, yaani herufi na tarakimu 64, mimi nikizisoma nne nne na yeye akifuatisha kwa kidole kwenye skrini. Kompyuta ingelinganisha yenyewe mara moja, lakini nilitaka azione. Tukaunga waya, maana Wi-Fi ingeweza kukatika katikati. Na kwa kuwa umeme wetu huondoka bila kubisha hodi, ruta tukaichomeka kwenye UPS.

Nikabonyeza. Taa zikazima zote, ikabaki moja ikipepesa harakaharaka. Hapo huna tena la kufanya. Ukichomoa waya kwa wasiwasi wako, programu inabaki nusu. Mtoto akauliza, "Baba, imekufa?" Nikamwambia tusubiri. Sijui kazi nyingine ya mikono inayomtaka fundi aiweke mikono yake mapajani namna ile. Baada ya dakika kama tatu taa ikatulia.

Wiki moja baadaye niliharibu mipangilio mwenyewe, ruta ikanifungia nje. Hapo ndipo nilipouona ustadi wa walioitengeneza OpenWrt. Programu ya msingi imebanwa na kufungwa, haiandikwi juu yake. Kila unachobadilisha hukaa kwenye tabaka la juu. Unawasha ruta, unangoja taa ianze kupepesa, unabonyeza kitufe wakati huohuo, nayo inaamka bila kuligusa tabaka lile. Unaingia kwa waya kupitia anwani 192.168.1.1, unafuta kosa lako, maisha yanaendelea. Walinifikiria kabla sijakosea.

Lakini faida yenyewe niliipata kwenye foleni. Simu zetu zilipokuwa zikipandisha picha mtandaoni, maongezi yalikuwa yakikatikakatika, nami nikidhani kifurushi ni kidogo. Kumbe shida ni akiba kubwa mno ya pakiti, yaani vipande vya data vinavyongoja kutumwa, ndani ya vifaa: pakiti za sauti husubiri nyuma ya msururu wa pakiti za picha. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na Van Jacobson walitoa dawa iitwayo CoDel. Hupima pakiti imekaa foleni muda gani. Kukawia kukiendelea kuzidi milisekunde 5, huanza kutupa baadhi, na anayetuma hupunguza mwendo. Dave Täht na wenzake wakaijaribu kwenye CeroWrt, iliyojengwa juu ya OpenWrt, ndani ya ruta za kawaida za nyumbani. Leo, kwenye OpenWrt, ukiweka kikomo chini kidogo ya kasi unayopewa, mimi niliweka megabiti 9 badala ya 10, foleni inaundwa ndani ya ruta yako, na wewe ndiye unayeipanga.

Jumapili iliyofuata nilimpigia mama Tanga, huku simu tatu zikipandisha picha za harusi. Alinisimulia habari za mnazi ulioanguka uani, tangu upepo ulipoanza hadi majirani walipokuja na mapanga, wala hakulazimika kurudia neno.