Mwegamo wa Sentimita 19

Mbebaji wa vioo ukimuuliza hatari ya kazi yake, atakuonyesha viganja. Makovu yapo, na glovu nzuri zingeyazuia. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda, ya mwaka 2006, inamtaka mwajiri azitoe yeye. Lakini kinachoua kwenye saiti ni uzito, na huo hauonekani, kwa sababu jicho hupita ndani ya kioo kana kwamba hakuna kitu.

Tupige hesabu. Kioo chenye unene wa milimita 1 kina kilo 2.5 kwa kila mita mraba. Kioo kizima cha mita 3.3 kwa 2.14, unene wa milimita 6, kina kilo 106: mifuko miwili ya saruji na ziada. Panga kumi pamoja. Unene wote ni sentimita 6, uzito umepita tani moja.

Mzigo wa namna hiyo ukitoka Mombasa kuja Mbale kupitia Malaba, husafiri umesimama kwa ukingo mrefu kwenye stendi ya umbo la A, umekazwa kwa mikanda. Hatari huanza mikanda inapofunguliwa. Stendi ikiuegemeza mzigo kwa nyuzi 5, ukingo wa juu unakuwa nyuma ya kitako kwa sentimita 19. Hizo 19 ndizo zinazoizuia tani nzima isianguke. Sasa tuseme dereva ameegesha Kumi Road, hapa Mbale, matairi ya upande mmoja yamezama pembezoni palipolegezwa na mvua. Kama kati ya matairi ya kulia na kushoto kuna mita 2, upande mmoja ukishuka sentimita 17 au 18 mwegamo wa upande ule umekwisha. Vioo vimesimama wima, na kuvisukuma kidogo tu kunatosha.

Ndiyo maana fundi makini huweka pimamaji kwenye bodi ya lori kabla ya kugusa mkanda. Hufungua kioo kimoja kimoja, vingine vikiwa bado vimefungwa, na hutoa kwa zamu pande zote mbili za stendi ili isielemee upande mmoja. Watu husimama kwenye ncha za mzigo, kamwe si mbele yake.

Mzigo ukianza kulala, mikono hutaka kuudaka. Kosa hili linaniuma kuliko yote, maana anayelifanya mara nyingi ni kijana mwenye bidii anayeogopa kukatwa malipo. Foromani aseme asubuhi, wote wakisikia: kioo kikianguka, kikimbieni, na hakuna atakayekilipa.

Kwenda ghorofani, watu wanne hubeba kilo 26 na nusu kila mmoja. Vishikio vya raba vya kunyonya husaidia sana, ila vumbi letu jekundu huvilegeza. Kioo kifutwe kwanza. Kisha kuna upepo. Mita mraba 7 ni tanga kamili: upepo wa mita 10 kwa sekunde hukisukuma kwa nguvu ya kilo 40 na zaidi. Alasiri, wingu likishuka kutoka mlima wa Wanale, kioo kibaki chini kimefungwa.

Kikifika kwenye fremu, hukalishwa juu ya vipande viwili vya raba, kila kimoja robo ya upana kutoka pembeni, na mikono haikiachi mpaka vibanio vimeingia pande zote nne.