Mwenye njaa hana miiko: nani anasema?

Methali hii nimeisikia kwenye foleni ya mgao mara nyingi kuliko darasani. Mama akitazama njegere za njano na kusema "hizi tumbo langu halizitaki", lazima mtu wa nyuma ajibu: "Mwenye njaa hana miiko, mama!" Watu wanacheka, foleni inasogea.

Mimi nataka tuisome polepole, kama tunavyosoma shairi, maana naona tunaitumia vibaya. Ukiitazama vizuri, haimwamuru mtu. Inasema njaa ikizidi mtu huvunja mwiko wake, basi asilaumiwe. Ni methali ya huruma. Waislamu wa Rumonge wanalijua jambo hili: aliyelazimika kwa njaa akala kilichoharamishwa hana dhambi. Ila juu ya yule mwenye njaa ambaye bado anashika mwiko wake, methali haisemi kitu. Kejeli tumeiongeza sisi. Ile nyingine, "mchagua nazi hupata koroma", nayo hurushwa hapohapo. Sijui hapa Nyarugusu wameona wapi rundo la nazi.

Nilikotoka ni Gitaza, chini ya milima ya Muhuta, kwenye barabara ya Bujumbura kwenda Rumonge. Kule ndagala wanaanikwa mpaka harufu inalala na wewe kitandani. Baba mdogo alioa huko juu, kwa wafugaji, watu ambao tangu zamani walimdharau samaki. Mama mdogo hakuweza kumla. Hakupiga kelele, alijipikia maharage yake kwa mawese, akala pembeni. Mtaa mzima ulimsema. Eti anajiona binti wa mwami. Eti anaogopa sumu, maana kwetu kukataa chakula cha mtu ni kumwambia usoni kwamba humwamini. Kumuuliza kwa nini, hakuna aliyemuuliza. Nami nilikuwa na miaka tisa hivi, nikatumwa na wakubwa nimwekee kichwa cha mukeke ndani ya sahani yake. Nikaweka. Alikitoa kwa vidole viwili, akafunika sufuria, na siku ile hakula.

Lakini Msabato akikataa kambare kwa sababu hana magamba, au Mwislamu akikataa nguruwe, hakuna aliyecheka. Hao wana kitabu nyuma yao. Asiye na kitabu ana maringo tu! Na wengi wetu tulimaliza wiki kwa maharage na sombe bila kuonja nyama. Kukosa nyama ni kawaida. Kusema "siitaki" ndilo kosa.

Hapa kambini alikuja mgeni wa mradi mmoja, kutoka Ulaya, asiyekula nyama kabisa. Majirani walimchinjia mbuzi, akakataa kwa upole. Walishangaa, wakamhurumia kidogo, wakasema "ni desturi ya kwao", wakamtafutia ndizi. Sasa yule mama wa njegere, mbona yeye hana desturi?

Agosti 2017 WFP ilipunguza mgao hadi asilimia 62 ya kilokalori 2,100 za siku. Hata wakati huo wapo waliouza sehemu ya unga wa mahindi ili wapate wa muhogo, kwa sababu mtu wa ziwani ugali anaoujua ni huo. Ndugu zetu wa mashirika, nimesikia ikisemwa: "Kumbe hawana njaa." Njaa walikuwa nayo.

Ila sitaki kuutakasa kila mwiko. Kwetu Burundi, Bahutu na Batutsi wa zamani hawakula kondoo. Waliomla ni Batwa. Mwiko haukuishia kwenye nyama. Batwa hawakuruhusiwa hata kunywa chombo kimoja na wengine. Mama mdogo alipojitenga na samaki wetu, hakuna aliyenyang'anywa kikombe. Hii miiko miwili naona tunaichanganya, na ninavyoona, tunamcheka asiyestahili na kumnyamazia anayestahili kuulizwa.

Wiki iliyopita mama wa njegere alikuwa mbele yangu tena. Aliyemtupia methali safari hii ni kijana wa kwetu, mtu wa Burundi. Nikageuka nikamuuliza: "Wewe, mdogo wangu, kwenu hamli nini?"

Akafikiri kidogo.

"Kondoo," akasema.