Gita la Nani? Umiliki wa Ala na Maisha ya Mwanamuziki Morogoro

Uhakiki mwingi kuhusu Mbaraka Mwinshehe huanzia kwenye kipaji, kana kwamba kijana huyo alizaliwa na gita mkononi. Usomaji huo unafunika swali la msingi: gita lilikuwa la nani? Katika mfumo wa bendi uliozilea Morogoro Jazz na Cuban Marimba ya Salum Abdallah, ala kwa kawaida zilikuwa mali ya klabu au ya mwenye bendi. Mpigaji alipata humo mafunzo, jina na jukwaa. Alipoondoka, aliondoka na vidole vyake tu. Kwa hiyo, hatua ya Mbaraka ya kuiacha Morogoro Jazz mwaka 1973 na kuunda Super Volcano haitoshi kuelezwa kuwa ni ugomvi wa nyota na wenzake. Inasomeka pia kama jaribio la kuitawala kazi yake mwenyewe.

Mazimbu, pembezoni mwa mji huohuo, panafaa kwa ulinganisho. Katika shamba hilo la zamani la mkonge, chama cha ANC cha Afrika Kusini kilijenga Chuo cha Solomon Mahlangu, kilichodumu hadi 1992. Wanafunzi wakimbizi waliimba nyimbo za ukombozi kwa sauti zao, chombo kisichodaiwa na klabu yoyote. Hata hivyo, uimbaji huo ulikuwa sehemu ya mapambano, si ajira.

Mbaraka alifariki katika ajali ya gari Mombasa mwaka 1979. Miaka sita ya Super Volcano ni michache mno kuonyesha kama mpigaji aliyejitenga angeweza kuzeeka akila kwa gita.