Kitenzi Kilichopotea Jaladani

Riwaya ya Chinua Achebe, Things Fall Apart (1958), inasimuliwa kwa wakati uliopita. Lakini jina lake liko katika wakati uliopo sahili, ule tuliokaririshwa shuleni kuwa ni wa mazoea tu. Achebe alilichukua jina hilo kwenye shairi la W. B. Yeats, akaliacha na kitenzi chake vilevile. Clement Ndulute alipoitafsiri riwaya hiyo mwaka 1973, kitenzi kikaondoka: tukapata Shujaa Okonkwo. Hoja yangu ni kwamba kiliondoka na sehemu kubwa ya maana.

Wapo wenzangu watakaosema eti njeo ni mambo ya sarufi, tuwaachie watu wa isimu. Si kweli. Hebu tujaribu kulirudisha jina. "Mambo yanavunjika": hapo tunatazama tukio likiendelea, kama mtu anatangaza mpira. "Mambo yamevunjika": kwisha kazi, tunaokota vigae. "Mambo huvunjika": hiyo sasa ni methali, na methali haimlilii mtu. Kiingereza hakikuchagua hata moja kati ya hizo. Kinasema mambo yalivunjika Umuofia na kwingine yanaweza kuvunjika, bila kutaja saa.

Nadhani Kiswahili tunacho cha kukikaribia: ile "-a-" ambayo vitabu vya sarufi huiita hali isiyodhihirika. "Mambo yavunjika." Ni sauti ya washairi, na ya vichwa vya magazeti pia.

Simlaumu mfasiri bure. Mwishoni mwa riwaya, Mkuu wa Wilaya mzungu anaona Okonkwo atamtosha aya moja tu katika kitabu anachotaka kuandika. Kumpa Okonkwo jalada zima ni jibu safi kwa bwana huyo. Ila jibu hilo lina gharama. Msomaji akianza na "shujaa", Okonkwo anapojinyonga atauliza: shujaa alikosea wapi? Basi tutajadili hasira zake, tutajadili kifo cha Ikemefuna, semina imekwisha. Kanisa, mahakama, na Nwoye aliyemwacha baba yake, yote yanabaki pembeni.

Jina la Achebe linauliza swali jingine, tena gumu zaidi: ni nini kilichokuwa kinavunjika, Okonkwo awepo au asiwepo? Yeye alikufa, na kufa kwake ni kwa wakati uliopita. Kuvunjika hakukuzikwa naye.