Umeme Usiosukuma Chakula

Mfuko wa chakula una mdundo wake. Kwa mtu mwenye afya, wimbi la umeme hupita kwenye misuli yake karibu mara 3 kwa dakika, na misuli hujikaza kulifuata, ikisaga chakula na kukisukuma kuelekea utumbo mdogo. Ugonjwa wa gastroparesisi huilegeza kazi hiyo. Mgonjwa, mara nyingine mwenye kisukari cha miaka mingi, hutapika jioni alichokula asubuhi.

Mwaka 2000 mamlaka ya FDA ya Marekani iliruhusu Enterra, kifaa cha kupandikizwa kinachotuma umeme kwenye misuli ya mfuko wa chakula, kitumike pale dawa ziliposhindwa. Kibali kilikuwa maalumu, kisichodai ushahidi kamili wa ufanisi.

Kukipandikiza hufanywa kupitia matundu madogo tumboni. Daktari hupima karibu sentimita 10 kutoka pilorasi, lango la kutokea chakula, kisha hupenyeza sindano yenye waya ndani ya safu ya misuli. Ikizama mno, itatokeza ndani ya mfuko wenyewe. Kwa hiyo endoskopi hushushwa kupitia kinywa ili kuangalia. Sindano ikionekana, hurudishwa na kupitishwa upya. Waya wa pili hukaa sentimita 1 kando ya wa kwanza, na zote huunganishwa na betri iliyofichwa chini ya ngozi ya tumbo.

Mpangilio wa kawaida ni miliampea 5: kila baada ya sekunde 5, mapigo mafupi mno ya mikrosekunde 330 kila moja. Hiyo ni kama mara 12 kwa dakika, mara nne ya mdundo wa asili. Kuushika mdundo wenyewe kungehitaji mapigo ya mamia ya milisekunde, na betri ya kupandikizwa ingekwisha upesi.

Ndiyo maana silipendi jina la "pesimeka ya tumbo" ambalo kifaa hiki hupewa. Linamwahidi mgonjwa kisichokuwepo. Jaribio la Ufaransa la wagonjwa 172, lililochapishwa 2020, liliwasha na kuzima kifaa kwa miezi minne minne bila wao kujua. Kilipowashwa, kutapika kulipungua. Chakula hakikutoka haraka zaidi, wala ubora wa maisha haukupanda. Inaelekea umeme huo huzungumza na neva za kichefuchefu.

Ili kuona kama kifaa kitamfaa mgonjwa, baadhi ya madaktari huanza na waya wa muda, unaobanwa kwa endoskopi kwenye utando wa ndani bila upasuaji. Kwa siku chache, mgonjwa huandika ametapika mara ngapi.